"Tell" sio kuambia tu: neno dogo la Kiingereza linalotupiga chenga

Mwisho wa mwezi, uko kwenye foleni ya ATM, mbele yako kuna mzee anaingiza kadi kichwa chini miguu juu, na wewe huna la kufanya zaidi ya kuzikodolea macho zile herufi tatu. A ni automated, M ni machine, hapo hamna shida. T ni teller. Sasa teller kwa Kiingereza chetu cha shuleni si ni "mwambiaji"? Hii mashine inaniambia nini mimi, zaidi ya kwamba salio halitoshi?

Hilo swali aliniuliza mwanafunzi wangu mmoja wa tuisheni, dogo mkorofi kweli, na siku ile nilimpiga chenga nikamwambia tuendelee na zoezi namba tano. Ila likanikaa kichwani. Nikaanza kulifuatilia hili neno tell na kumbe ndo kati ya maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyajua, tunadhani tunayajua kwa sababu tuliandikiwa ubaoni darasa la tano kwamba "tell = ambia" tukafunga daftari.

Tuanzie hapohapo kwenye ambia, maana kuna ukweli ndani yake. Walimu walituambia say ni sema na tell ni ambia, na kusema kweli Kiswahili kimetupa bahati ambayo watu wengi duniani hawana. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba sema haihitaji mtu wa kuambiwa, unaweza ukasema mwenyewe chumbani, lakini ambia lazima iwe na mtu ndani yake. Huwezi kusema "nimeambia kwamba mvua itanyesha" ukaishia hapo, kila mtu atakuuliza umemwambia nani. Sababu iko kwenye neno lenyewe: zamani kulikuwa na kitenzi amba, maana yake kusema, leo kimebaki kama gofu, unakiona kwenye kwamba na kwenye ambaye, na ule mkia -ia wa ambia ndo unaoleta mtu wa upande wa pili. Tell ya Kiingereza inafanya kazi hivyohivyo. "She told me", "he told us", mtu yupo palepale baada ya kitenzi, haulizwi. Kwa hiyo ukiandika "he told that he was sick" umeandika "aliambia kwamba anaumwa", na sikio lako la Kiswahili lenyewe linatakiwa lipige kelele. Na "he said me" ni sawa na "alinisema", ambayo kwa kwetu ni kesi nyingine kabisa, nitaifikia.

Hata kwenye kutendwa mambo yanaendana. "I was told" ni niliambiwa, safi, na wote tunaipenda kwa sababu inaficha mbeya, hakuna anayetajwa. "He is said to be rich" ni inasemekana ana hela. Hapo tell haiingii kabisa. Yaani ukifikiria kwa Kiswahili kwenye hili eneo unapata maksi zote.

Tatizo ni pale Kiswahili kinapokuwa rahisi kuliko Kiingereza. Sisi tunasema niambie, nionyeshe, nielezee, nipendekezee, mtu anachomekwa palepale katikati ya kitenzi na maisha yanaendelea. Mwingereza anakubali "tell me", anakubali "show me", ukifika "explain me" anakunja uso. Anataka "explain to me", "describe to me", "suggest to me", "report to me". Na sio roho mbaya, ni ukoo. Tell, show, give, send ni maneno ya nyumbani, ya ule ukoo wa zamani ambao Kiingereza na Kijerumani wote wametokea, na yale yanaruhusu mtu akae karibu. Explain, describe, suggest, report ni wageni waliokuja na Kilatini, wengine wakipitia Kifaransa, na maneno mengi ya namna hiyo yanamweka mtu mbali kidogo, mpaka apitie mlango wa "to". Sio sheria ya msumeno, kwa mfano say ni ya nyumbani kabisa lakini nayo inataka "to", na inform ni mgeni lakini inamchukua mtu moja kwa moja, "inform me". Ila ukiona neno refu la kizungu cha ofisini na hujui ufanye nini, weka "to", mara nyingi utapona.

Kitu kingine cha haraka kabla hatujafika kwenye utamu. Mwambie aende. Tunatafsiri "tell him he goes", au wengine "say him to go". Kiingereza kinataka "tell him to go", na kukataza ni "tell him not to come", sio "tell him don't come" ambayo nakutana nayo kila wiki. Hapa tell sio taarifa tena, ni amri. Ndo maana ukimwandikia bosi "I am telling you to send the documents" unaweza ukajikuta huna kazi, wakati kichwani mwako ulikuwa unamaanisha tu nakwambia tuma zile nyaraka. Ukitaka ulegeze tumia "let you know" kwa taarifa na "ask" kwa ombi.

Sasa njoo huku.

Zamani kabla sijaanza kufundisha niliwahi kupata kibarua cha ukalimani kwenye mradi wa visima. Kulikuwa na fundi mmoja Mwingereza, mtu mwema tu. Siku moja yeye amesimama juu karibu na tangi, mimi niko chini na wanakijiji, pampu imewashwa, wote tumekaa roho juu. Nikampigia kelele kumuuliza kama maji yameshaanza kuvutwa au bado. Akanijibu "I can't tell from here". Mi nikaelewa hawezi kuniambia. Nikawageukia wazee nikawaambia anasema hawezi kutuambia. Unaona balaa? Mzee mmoja akaanza kung'aka kwamba mradi ni wetu, pesa tumechanga, sasa maji yanakuwaje siri? Ikachukua muda kutuliza hali, na yule fundi hakuelewa kosa lake ni lipi, na mimi pia sikuelewa, nilikuja kuelewa miezi mbele.

Alichosema ni "kutokea hapa sioni", "hapa nilipo siwezi kujua". Hii tell ya pili haihusiani na kupeleka habari kwa mtu, ni ya kutambua. Na inapenda kukaa na can. "I can tell you are tired" haimaanishi naweza kukwambia umechoka, maana yake naona kabisa umechoka, uso wako unasema. "How can you tell?" ni umejuaje. "You could tell he was lying" ni alikuwa anadanganya na ilionekana waziwazi.

Halafu angalia kanavyobadilika ukichomeka kaneno ka "you" tu. "I can't tell", sitambui. "I can't tell you", siwezi kukwambia, hii sasa ndo siri. "I couldn't tell you", sijui hata kidogo, sina hata fununu, hapa hamna siri yoyote ingawa inasikika kama ndo siri kubwa kuliko zote. Na "I can't tell you how happy I am" ni furaha niliyonayo we acha tu. Maneno yaleyale, maana nne, na mtu anayesoma tafsiri ya mashine kwenye simu anapewa "siwezi kukuambia" mara zote nne. Nimeshaona manukuu ya filamu mpelelezi anaangalia nyayo kwenye tope anasema "I can't tell", chini pameandikwa "siwezi kusema", mtazamaji anabaki anajua mpelelezi ni mla rushwa.

Mapacha nao wako humu. "I can't tell Kulwa from Doto" sio siwezi kumwambia Kulwa kutoka kwa Doto, ni siwezi kuwatofautisha. "Tell them apart", hivyohivyo. "Tell the difference", hivyohivyo. Na mtoto anayeweza "tell the time" ni mtoto anayejua kusoma saa, hata kama yuko peke yake na hamwambii mtu. Ukitaka akuambie ni saa ngapi unasema "tell me the time", na hapo ndo inarudi ambia. Kwa sisi kuna mtego juu ya mtego, maana akisema "two o'clock" wewe unatakiwa uhesabu saa nane, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Kwa hiyo swali ni hili: neno la kupasha habari limeingiaje kwenye kutofautisha mapacha na kusoma saa?

Jibu ni kwamba tumelishika neno kwa mkia. Kwenye Kiingereza cha kale, miaka zaidi ya 1,000 nyuma, neno lilikuwa tellan na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuhesabu. Kupanga vitu kimoja kimoja, hiki, hiki, hiki. Ukihesabu mbuzi zizini unafanya mambo mawili kwa pamoja, unamtenga huyu na yule, na unawataja kwa mpangilio. Huko kutenganisha huenda ndo kumezaa tell ya mapacha, huko kutaja kwa mpangilio ndo kumezaa tell ya hadithi, maana kusimulia ni nini kama sio kuyapanga matukio moja baada ya jingine mpaka yaishe? Na tale, yaani hadithi, ni ndugu wa damu wa tell.

Sasa rudi kwenye ATM. Teller wa benki ni mhesabuji, mtu anayehesabu noti. Basi. Mashine ile ya kwanza ya Barclays iliyozinduliwa Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967, haikuwa na habari ya kumwambia mtu, ilikuwa inatoa pesa zilizohesabiwa. Na pale bunge la Uingereza wabunge wakigawanyika kupiga kura, wanapita kwenye korido mbili, moja ya ndio moja ya hapana, na wenzao wanaosimama kuwahesabu wanaitwa tellers mpaka leo. Yule dogo wa tuisheni nilikuja kumpelekea jibu akaniambia teacher umechelewa nimeshagugo.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye Biblia ya King James, ile ya 1611. Mwanzo 15 mstari wa 5, Mungu anamtoa Abramu nje anamwambia "tell the stars". Mtu wa leo anasoma aziambie nyota. Aziambie nini? Fungua Biblia ya Kiswahili uone, pale ni kuzihesabu nyota kama anaweza. Na Zaburi 22 kuna "I may tell all my bones", ambayo kwa Kiingereza cha leo ni mtu anaipa mifupa yake habari, lakini Kiswahili kimeiweka sawa, anaihesabu mifupa yake yote, maana amekonda mpaka kila mfupa unaonekana. Mimi huwa nafurahi sana hapa kwa sababu ni mahali ambapo msomaji wa Kiswahili anaelewa vizuri kuliko Mwingereza mwenyewe.

Na bibi Mkatoliki anayevuta rozari, kwa Kiingereza cha zamani anafanya "telling her beads", anahesabu punje, kama vile anayevuta tasbihi anavyohesabu mpaka 33 au 99.

Hii kuhesabu imebaki kwenye misemo ambayo watu wazima kabisa wanaikosea. "There were forty of us, all told" sio wote tuliambiwa, ni jumla tulikuwa 40. "Untold wealth" ni mali isiyohesabika. Magazeti ya Nairobi yanapenda sana "untold suffering", kila mafuriko, kila mgomo, wananchi wako kwenye untold suffering, na hapo unaweza kuelewa vyote viwili, mateso yasiyohesabika au yasiyosimulika, kwa sababu mzizi ni mmoja.

Usidhani ni Waingereza tu. Mjerumani anasema zählen kwa kuhesabu na erzählen kwa kusimulia. Mholanzi tellen na vertellen. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bukavu waliosoma Kifaransa wanajua compter ni kuhesabu na conter au raconter ni kusimulia, na compter na conter asili yao ni neno moja la Kilatini. Wa Msumbiji na Kireno chao wamerahisisha kabisa, contar ni vyote viwili, unahesabu unasimulia neno moja. Hata Kilingala kina ya kwake, kotanga ni kuhesabu na ni kusoma. Na sisi? Sisi tuna kutoa hesabu. Mweka hazina wa kikoba akiambiwa njoo utoe hesabu, hatakiwi kusema tu moja mbili tatu, anatakiwa aeleze hela zimeenda wapi, siku gani, kwa nani, na akikwama katikati wote mnajua. Hapo kuhesabu na kueleza vimekutana kwenye Kiswahili chetu wenyewe bila mzungu yeyote.

Turudi kwenye midomo ya watu. Nilisema "alinisema" ni kesi nyingine. Kwa kwetu mama akikusema amekugombeza, na jirani akikusema amekuteta. Yaani kitenzi cha kusema, ukimweka mtu ndani bila ule mkia, kinageuka fimbo. Kiingereza nacho kina fimbo yake, "tell off". "My mother told me off", mama kanisema, kanipa vidonge vyangu. Angalia ka-off tu kamewekwa. Usipokaona unatafsiri mama aliniambia, na msomaji anasubiri kujua aliniambia nini.

Lakini neno langu pendwa hapa ni kupasha. Kupasha habari ni kufikisha taarifa, kazi ya heshima, watangazaji wanajiita wapasha habari. Halafu mwanamke akisimama kwenye kibaraza akampasha mwenzake, hamna habari pale, ni kumpa makavu, na kutoka hapo tukapata mipasho ya taarabu ambayo kanga zake unaweza kuzisoma kama barua. Umeona safari yake? Kutoka kufikisha habari mpaka kumfikishia mtu asichotaka kusikia. Tell na tell off nao wana sura hizohizo mbili, bila kuwahi kukutana na kupasha.

Kuna na "tell on". Watoto wa kwetu wanatishiana nitakusemea kwa mama, wa Kiingereza wanatishiana "I'll tell on you". Kwa Kiswahili sanifu zaidi ni kuchongea. Huyu anayechongea ni "telltale", neno ambalo nalo linatumika kwa ishara inayofichua kitu, kama midomo ya mtoto yenye sukari anayeapa hajagusa kopo. Lakini usichanganye, hii "on" ina sura ya pili: "the long hours are telling on him" hakuna aliyechongewa, ni kwamba yale masaa marefu ya kazi yameanza kumuonekana, macho yameingia ndani, nguo zinampwaya. Na wacheza poka wana "tell" kama jina kabisa, ile dalili ndogo ya mwili inayomuuza mtu kwamba karata zake ni mbovu. Hiyo dalili ni tell ya kutambua.

"Time will tell" naiacha kidogo, nikikumbusha tu kwamba tafsiri ya "wakati utaambia" ni kosa la jinai, vijana wameshaipatia "muda utaongea" na inatosha. "Don't tell me!" ni usiniambie! kabisa, kwa mshangao uleule. "I'm telling you" ni nakwambia!, mkono ukiwa hewani. Ila "you're telling me!" haimaanishi kwamba kweli unaniambia mimi, maana yake ni hilo mbona nalijua kuliko wewe, yaani acha tu ndugu yangu.

Kinyume chake kuna kitu chetu ambacho hakivuki upande wa pili. Dar ukikutana na mshikaji anakwambia "niambie!", na Nairobi utasikia "sema boss". Hamna anayetaka kuambiwa kitu. Jibu ni poa, au na wewe "niambie!", watu wawili wanaamriana waambiane na hakuna anayeambia. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaganda pale, anatafuta habari ya kutoa.

Na mimi nilishaganda kwa upande wao. Kipindi nimeanza kutafsiri kwa mtandao nilimpata mteja mmoja wa Uingereza, tukazoeana, nikaona sasa tumekuwa washkaji, asubuhi moja nikamuandikia kama ninavyowaandikia watu wa kwetu, "Tell me!" Kimya. Baada ya lisaa akajibu, "Tell you what?" Nikajua nimeharibu, nikamuelezea kuwa ni salamu tu, akacheka, akasema kazi imekuwa ndefu hatutamaliza leo. Halafu akaandika, "Tell you what, let's speak on Thursday." Mi nikaona hee, huyu mtu bado hajaelewa, anauliza tena nikwambie nini. Leo najua "tell you what" ni njia yao ya kusema basi tufanye hivi. Siku ile nilimjibu kwa adabu zote: "Nothing, sir." Na Alhamisi sikuonekana.